Nchi Ina Mashahidi Wengi

Hotuba iliyosomwa na katekista mbele ya walimu na waamini katika sherehe za Jubilei ya Jimbo

Tumsifu Yesu Kristo.



Tulipoitwa tuseme maneno machache katika Jubilei hii, wengi walidhani ya kuwa tutasimulia habari za wamisionari wa kwanza, na jinsi makanisa ya kwanza yalivyojengwa kwa miti na udongo. Habari hizo ni njema, na wengine wamekwisha kuzieleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Lakini tumeona vema tuseme habari ya nchi yenyewe ambayo juu yake makanisa hayo yamesimama. Yaani vilima hivi vya Irangi, makorongo yake, miamba yake yenye michoro, na vigae vya vyungu ambavyo jembe huviibua kila mwaka tulimapo. Kwa maana katika Torati ya Musa Jubilei haikuwa sikukuu ya watu peke yao. Mwaka ule ardhi nayo ilipumzishwa, haikulimwa wala haikupandwa, na shamba lililokuwa limeuzwa lilirudi kwa wenyewe. Basi haifai sisi tuimbe na kushangilia, na ardhi isitajwe hata kwa neno moja.

Sote tuliozaliwa huku Kondoa tumekua tukisikia neno moja juu ya nchi yetu, nalo ni neno la kutuaibisha. Tumeambiwa ya kuwa nchi hii ilikuwa nzuri, ikaharibiwa na babu zetu; kwamba walikata misitu bila kufikiri, wakafuga ng'ombe wengi kupita kiasi, mpaka mvua ikauchukua udongo wote ikauacha mchanga na makorongo. Katika mwaka 1973 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iitwayo HADO. Na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 za vilima vyetu. Sisi tulizaliwa baadaye kidogo. Lakini baba zetu walitusimulia jinsi zizi lilivyobaki tupu, na jinsi watoto walivyokosa maziwa, na mtu mzima alivyoona haya kutaja hesabu ya ng'ombe aliokuwa nao. Hatusemi ya kuwa amri ile haikuzaa matunda. Majani yalirudi, miti ikaota ndani ya makorongo, na picha zilizopigwa kutoka angani kabla na baada ya mwaka ule zaonyesha mabadiliko hayo wazi. Lakini pamoja na majani lilibaki moyoni neno lile la aibu: ninyi ni wana wa waharibifu.

Je, neno hilo ni kweli? Ndilo swali letu la leo. Nanyi walimu mwajua ya kuwa Torati ilikataza mtu kuhukumiwa kwa ushuhuda wa shahidi mmoja; sharti wapatikane wawili au watatu. Na watu wa pwani husema, msema pweke hakosi. Hukumu iliyotolewa juu ya babu zetu ilitoka kwanza kwa shahidi mmoja, yaani jicho la mgeni aliyeliona korongo leo, akadhani ajua lilivyoanza jana. Tangu siku hizo mashahidi wengine wameitwa, mmoja mmoja, nao wametoa ushuhuda wao. Tuwasikilize.

Shahidi wa kwanza ni mzee. Wazee wetu hukumbuka mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: msitu gani ulikatwa ili kuwafukuza mbung'o, kisima gani kilikauka, ukoo gani ulihama na kwa nini. Walisimulia habari za misafara ya biashara iliyopita Kondoa katika karne ya kumi na tisa, ikinunua nafaka kwa wenyeji. Habari za tauni ya ng'ombe iliyoteketeza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Na habari za mwaka 1916, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipopigana hapa Kondoa, na watu wakawa katikati. Watu wenye elimu walichelewa kumsikiliza shahidi huyu. Mmoja aliyemsikiliza ni Wilhelm Östberg, mchunguzi wa desturi za watu, ambaye mwaka 1986 aliandika kitabu juu ya mageuzi ya Kondoa. Lakini shahidi huyu ana mpaka wake. Kumbukumbu hufika kwa babu, na kwa babu wa babu. Ikipita hapo, miaka huanza kuchanganyika, na mambo ya watu wawili huwa ya mtu mmoja.

Shahidi wa pili ni hati. Hapa twaweka barua za maofisa, ramani, taarifa za mabwana shamba, na vitabu vya misheni zetu. Hati ina sifa moja kubwa: haibadiliki. Iliyoandikwa mwaka 1929 yasema leo yaliyosemwa 1929. Kwa mfano, mwaka huo T. A. M. Nash, aliyekuwa mchunguzi wa mbung'o, aliandika habari ya michoro aliyoiona miambani karibu na Kondoa. Alikuja kumtafuta mdudu, akaiona kazi ya mikono ya watu wa kale. Naye hakuipita kimya. Lakini hati nayo ina kasoro: huandikwa na mwenye kalamu, na zamani wenye kalamu walikuwa wachache, tena wageni. Aliyelimwa shamba lake hakuandika, aliyeandika hakulima.

Shahidi wa tatu ni udongo wenyewe, na hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini, maana jambo hili ni la ajabu, na ni la kumtukuza Muumba.

Kila punje ya mchanga iliyofukiwa gizani hupokea kidogo kidogo nguvu zitokazo katika mawe na udongo unaoizunguka, ikaziweka ndani yake kama akiba. Punje hiyo ikipigwa na mwanga wa jua, akiba yake humwagika, kisha huanza kujaa upya siku itakapofukiwa tena. Basi wataalamu huja penye ukingo wa korongo, hupigilia bomba ndani ya udongo, hulitoa likiwa limezibwa ili mwanga usiingie, na mchanga ule hupimwa katika chumba chenye giza. Kwa kuipima akiba iliyomo, hujua ni miaka mingapi imepita tangu punje ile ilipoliona jua kwa mara ya mwisho. Yaani tangu mvua ilipoiteremsha kutoka kilimani na kuifukia bondeni. Yale makorongo tuliyoyaonea aibu yamekuwa kama vitabu vilivyofunguliwa, na kila tabaka ni ukurasa.

Kazi hii ilifanywa katika vilima vyetu, na mwaka 2000 Eriksson, Olley na Payton walitoa taarifa yake. Waliona ya kuwa udongo uliteremka kwa wingi kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita. Ndugu zetu, fikirini maana yake. Wakati huo huku kwetu hapakuwa na mkulima, hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na shoka la chuma. Walikuwapo wawindaji wachache na wachimba mizizi. Ni hali ya hewa iliyogeuka, nchi iliyokuwa kavu ikapata mvua kubwa, nazo mvua zikaviosha vilima. Kisha waliona wakati wa pili, ambao umeanza miaka kama 900 hivi iliyopita. Huo haukuletwa na mvua peke yake. Mkono wa mtu umo ndani yake.

Ndipo aitwapo shahidi wa nne: kigae, na mavi ya chuma. Ninyi mliolima kandokando ya Haubi mwayajua mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yenye matundu kama sifongo, ambayo watoto huyatupia ndege. Hayo ni masalio ya tanuri. Watu wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, wakapata jembe, shoka na mkuki. Na mkaa haupatikani bila kukata miti. Ndani ya mabaki ya tanuri hubaki vipande vya mkaa, navyo vina saa yao ya ndani; kwani kila mti uliokuwa hai ulikuwa na kaboni ya namna fulani ambayo, mti ukisha kufa, hupungua kwa kipimo kisichobadilika, hata nusu yake huwa imekwisha katika miaka 5,730. Kwa kipimo hicho hujulikana mkaa ule umetoka katika mti uliokufa lini. Vigae navyo huonyesha mtindo wa wafinyanzi, na kwa mitindo hiyo wachimbuaji wa mambo ya kale huweza kuunganisha kijiji na kijiji, na kizazi na kizazi.

Lakini shahidi huyu naye asipewe zaidi ya haki yake. Chungu hakisemi Kirangi wala Kisandawe. Huenda kilinunuliwa, huenda mke aliyekifinyanga aliolewa kutoka mbali. Kwa sababu hiyo humwita shahidi wa tano, yaani lugha. Nchi yetu ni mahali pa ajabu katika jambo hili. Kirangi ni cha jamii ya Kibantu. Kiburunge na Kialagwa ni vya jamii ya Kikushi. Kisandawe kina sauti zile za kudoa ulimi zisizopatikana katika hivyo vingine. Na kwa wafugaji jirani zetu, Wamasai na Wabarabaig, zasikika lugha za jamii ya Kinailoti. Jamii kubwa nne za lugha za Afrika zimekutana hapa. Maneno waliyoazimana watu hawa, ya ng'ombe, ya nafaka, ya mvua, huonyesha nani alikaa na nani, na nani alijifunza kwa nani, hata pale ambapo mzee amesahau na hati haikuandikwa.

Sasa tumfikie shahidi wa sita, ambaye ni mkubwa wa heshima kuliko wote, na ambaye ulimwengu wote humjua kuliko tumjuavyo sisi tuliozaliwa chini yake. Ni michoro ya miambani, kule Kolo, Pahi, Kisese, Thawi, na vilima vilivyotazamana na Bonde la Ufa. Serikali ya Tanganyika iliitambua kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937. Mwaka 1951 Mary Leakey alikuja akakaa akiinakili, na kazi yake ikatoka kitabuni mwaka 1983. Mtanzania mwenzetu, Fidelis Masao, alitoa kitabu chake mwaka 1979 juu ya michoro hii na watu wa zama za mawe. Na mwaka 2006 Shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mapango na vivuli vya miamba vyenye michoro vyakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450.

Michoro hiyo ni ya namna mbili. Mingi ya kale ni myekundu, imechorwa kwa mstari mwembamba na mkono uliotulia: twiga, pofu, tembo, na watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu. Hiyo ni ya wawindaji. Mingine ni myeupe na minene, nayo ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Na mara nyingi nyeupe imekaa juu ya nyekundu, kama vile kizazi hukaa juu ya kizazi. Mtu akiutazama mwamba peke yake ataona picha tu. Lakini Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe na kujifunza lugha yao, aliandika mwaka 1971 ya kuwa desturi ya kuchora miambani ilikuwa bado haijasahaulika kwao. Naye Imogene Lim, mwaka 1992, alifafanua michoro kwa kuilinganisha na ngoma na mahali patakatifu pa Wasandawe. Hapo mwamba ulianza kusema, kwa sababu mzee aliketi kando yake.

Ndilo neno kubwa tunalotaka mlichukue nyumbani. Shahidi mmoja mmoja ni mdogo. Mzee asahau, hati yapendelea, udongo haujui majina ya watu, chungu hakina kabila, lugha haina tarehe, na mwamba ni bubu. Wakiketi katika baraza moja, mmoja hujaza pengo la mwenzake, na mmoja humsahihisha mwenzake. Ndivyo ilivyofanywa juu ya nchi yetu, na mwaka 2009 Paul Lane, mchimbuaji wa mambo ya kale, aliandika ya kuwa historia ya mmomonyoko huku Kondoa ni ndefu na yenye mafundo mengi kuliko ilivyosimuliwa zamani.

Basi hukumu ni nini? Hukumu ni hii: babu zetu hawakuwa malaika, wala hawakuwa waharibifu. Vilima hivi vina udongo unaochukulika upesi, navyo vilianza kuoshwa na mvua maelfu ya miaka kabla ya shoka la kwanza. Kisha walikuja wakulima na wahunzi, wakafyeka ili wale, wakakata mkaa ili wapate jembe. Udongo ukaongezeka kuteremka. Kisha zikaja biashara za misafara, vita, tauni, kodi, na kazi ya kuwafukuza mbung'o. Watu wakasongamana, na mifugo ikasongamana pamoja nao. Kila kizazi kimeweka mkono wake. Mwenye kutubu na atubu sehemu yake. Asibebeshwe dhambi ya miaka 14,000. Kwa mkulima wa leo ukweli huu una faida, kwani mtu aliyeambiwa ya kuwa yeye ndiye ugonjwa wa nchi hukata tamaa, lakini ajuaye ya kuwa nchi yake ni dhaifu kwa asili hujifunza kuilinda kama mama amlindavyo mtoto mgonjwa: kwa matuta, kwa miti, na kwa ng'ombe wachache walishwao zizini.

Ndugu wapendwa, kama tungeishia hapa tungeshuka tukipigiwa makofi. Lakini tuna neno la pili, na hili si la kupigiwa makofi.

Mashahidi hao wanauawa, na baadhi ya wauaji wamo katika vigango vyetu.

Imeenea hadithi ya kwamba Wajerumani, waliposhindwa katika vita vile vya 1916, walificha dhahabu katika mapango, na kwamba michoro ni alama za kuonyesha ilipo. Kwa sababu ya hadithi hiyo watu huenda usiku na sururu, huchimba chini ya michoro, hupasua mawe. Tazameni upumbavu wake! Michoro ilikuwapo kabla Mjerumani wa kwanza hajavuka bahari. Lakini hasara ni kubwa kuliko upumbavu. Mwaka 1956 Ray Inskeep alichimba kwa utaratibu katika kivuli cha mwamba kule Kisese, tabaka baada ya tabaka, hata kina cha mita karibu 6, akaandika kila kitu kilitoka tabaka gani. Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na shanga ndogo zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 2018, Christian Tryon na wenzake walivipima upya vitu vilivyowekwa akiba, wakaona ya kuwa shanga za maganda hayo zilianza kutengenezwa pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Miaka 40,000 mtu alikaa katika vilima hivi, akatoboa ganda kwa subira, akalivaa shingoni apendeze! Habari hiyo ilipatikana kwa sababu moja tu: matabaka hayakuwa yamechanganywa. Mchimba dhahabu akipita na sururu yake, juu huwa chini na chini huwa juu. Hata shanga zikibaki zote, ushuhuda umekufa. Ni kama mtu aliyezichana kurasa za kitabu na kuzipepeta katika ungo.

Nasi wenyewe hatuna budi kuungama. Tulipokuwa vijana wa shule tulipanda mwambani siku ya mapumziko, watoto wapata ishirini. Mmoja alisema michoro ikilowa hung'aa. Tukaimwagia maji ya chupa zetu, ikang'aa kweli, tukafurahi. Kisha tukaokota mkaa, tukaandika majina yetu. Hakuna aliyetukataza. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumekwisha kukabidhiwa kigango, tulipita tena mahali pale. Juu ya yule twiga tuliyemwagia maji palikuwa na utando mweupe, miguu yake haionekani. Lakini majina yetu yalikuwa bado yasomeka. Tulisimama pale tukiona haya mbele ya mtu aliyechora, ambaye hakuandika jina lake.

Na tuna ungamo jingine, zito kuliko hilo. Pale Mungomi wa Kolo wazee wengine huenda hata leo kuomba mvua na kuponya, kwa mbuzi na pombe. Sisi tulifundishwa ya kuwa mvua ni ya Mungu mmoja, na mpaka leo tunafundisha hivyo. Hatukuja hapa kutetea tambiko. Tena pombe inyunyizwayo ukutani huiharibu michoro, na jambo hilo wazee waambiwe kwa adabu. Lakini semeni kweli: ni nani aliyeulinda mwamba ule na miti yake kwa vizazi vyote ambavyo hapakuwa na mlinzi wa Serikali? Ni mwiko wa wazee. Mtoto hakukata mti pale, wala hakucheza pale, kwa sababu aliogopa. Sisi tuliucheka mwiko ule mbele ya vijana, tukauvunja. Wala hatukuweka amri nyingine mahali pake. Tuliwafundisha vijana wasiogope, hatukuwafundisha waheshimu. Ndipo wachimba dhahabu walipopata njia. Mwaka 2011 Emmanuel Bwasiri, msomi wa nchi yetu, aliandika juu ya mahali pale pale, akionyesha ya kuwa kuitunza michoro hakuwezi kutenganishwa na wenyeji ambao kwao mahali hapo pangali hai. Maneno hayo yatuhusu na sisi tuliobatizwa. Mkristo hahitaji kuogopa mwamba ili aulinde. Yamtosha kujua ya kuwa uliguswa na mkono wa mtu aliyeumbwa na Mungu yule yule.

Kwa hiyo, katika Jubilei hii, tunaomba mambo machache yanayowezekana.

Kwanza, kila kigango kisomewe ya kuwa kuchimba mapangoni bila kibali ni kosa, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza. Lakini zaidi ya sheria, mzazi amwambie mwanawe ya kuwa hakuna dhahabu pale, na ya kuwa kilichopo ni bora kuliko dhahabu.

Pili, walimu mkiwapeleka watoto Kolo, pitieni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo pale, mwende na kiongozi. Mtoto asiguse, asimwagie maji, asiandike. Achore katika daftari lake, na akirudi aeleze alichokiona.

Tatu, mkichimba msingi wa kanisa au wa shule, mkakuta vigae vingi, mifupa au mavi ya chuma, wekeni jembe chini kwanza, mpeleke habari. Kanisa litajengwa, litachelewa siku chache tu.

Nne, waandikeni wazee. Kila mwalimu achukue daftari moja, aandike jina la kila kilima, kila kisima na kila korongo la kijiji chake, na kisa chake, na aliyesimulia, na tarehe. Msiwasahihishe wazee mnapoandika. Hata mahali wanapokosea pana maana yake.

Tano, vitabu vya parokia vya ubatizo na vya mambo ya kila siku vitunzwe mbali na mchwa na maji. Humo mmeandikwa mwaka wa njaa, mwaka wa mafuriko, na familia zilizohama. Hivyo navyo ni mashahidi, na siku moja vitaitwa.

Wapendwa, miaka mingi ijayo wengine watasimama hapa kufanya Jubilei yao. Watachimba, watapima, watasoma vitabu vyetu, watawauliza wajukuu wetu. Tabaka letu nalo litakuwa limekwisha kulala juu ya yale mengine, jembamba kama kidole. Watauliza: watu hawa walifanya nini na nchi waliyopewa? Sisi hatutakuwapo kujibu. Watajibu udongo, miti, vigae vyetu na miamba ya Kolo. Mungu atujalie mashahidi hao waseme neno jema juu yetu.

Tumsifu Yesu Kristo.